Mazoezi Kando ya Barabara Kuu: Hewa Chafu Inavyougusa Moyo na Mapafu

Tangu Desemba 2016, Serikali ilipowahimiza wananchi kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi ya viungo, mbio za pole na matembezi ya haraka yamekuwa sehemu ya maisha ya miji mingi nchini. Vikundi vya jogging vimeenea mitaani, vingi vikiwa na fulana zao, viongozi wao na hata mifuko yao ya kusaidiana wakati wa misiba na harusi. Shabaha ya wito ule ilikuwa kupunguza magonjwa yasiyoambukiza, hasa shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Wito huo bado una nguvu ileile. Shirika la Afya Duniani (WHO) linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazoezi ya mijini hufanyika pembezoni mwa barabara kuu. Sababu zake zinaeleweka. Barabara ina lami, ina taa na ina watu, na kwa mwanamke anayekimbia saa 11 alfajiri, mahali penye mwanga na watu ni suala la usalama kabla halijawa suala la afya. Tatizo ni kwamba barabara hiyohiyo ina malori, mabasi, bodaboda na, katika maeneo mengine, moshi wa taka zinazochomwa na wa majiko ya mkaa ya wauza chakula. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wananchi wengi wamekuwa wakijiuliza: je, anayekimbia katika moshi anaujenga mwili wake au anaubomoa?

Swali hilo halihusu wakimbiaji wenye afya njema peke yao. Ni zito zaidi kwa mgonjwa wa moyo aliyeelekezwa na daktari wake atembee kila siku, na kwa mzazi ambaye mtoto wake ana pumu lakini amechaguliwa katika timu ya mpira ya shule. Jibu lake linahitaji maelezo, kwa kuwa jibu la mkato, liwe la ndiyo au la hapana, litampotosha mmoja wao.

Ni vyema kuanza na hesabu ya pumzi. Mtu mzima aliyeketi huvuta hewa ya takriban lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akikimbia kwa mwendo wa kawaida, kiasi hicho hupanda hadi lita 60 au zaidi, na kwa mwanariadha aliye katika mashindano hupita lita 100. Kwa hesabu ya lita 60 kwa dakika, nusu saa ya kukimbia hupitisha mapafuni lita 1,800 za hewa, kiasi ambacho mtu aliyeketi angehitaji zaidi ya saa nne kukivuta. Chochote kilichomo katika hewa hiyo, kizuri au kibaya, huingia kwa kipimo hicho.

Zaidi ya wingi, ipo njia ambayo hewa hupitia. Pua imeumbwa kuwa chujio: vinyweleo vyake, ute wake na mizunguko yake ya ndani hunasa vumbi, na gesi zinazoyeyuka kwa urahisi katika majimaji huishia humo. Mazoezi yanapoongezeka kasi, pua hushindwa kupitisha hewa ya kutosha na mtu huanza kupumua kwa mdomo, mara nyingi bila kutambua. Chujio hilo huwa limerukwa. Aidha, pumzi za mkimbiaji ni ndefu na zenye nguvu, hivyo husukuma chembechembe hadi sehemu za chini kabisa za mapafu ambako pumzi za mtu aliyetulia hazifiki kwa wingi. Watafiti wa Rochester nchini Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walibaini kuwa, wakati wa mazoezi, jumla ya chembe ndogo sana zilizobaki mapafuni mwa watu wenye afya ilikuwa zaidi ya mara nne ya zile zilizobaki walipokuwa wamepumzika.

Chembe hizo ndizo zinazowasumbua zaidi wataalamu wa afya. Vumbi linaloonekana kwa macho, lile linalotua juu ya meza na kuchafua nguo zilizoanikwa, huwasha macho na koo, lakini sehemu yake kubwa hunaswa njiani na kutoka kwa chafya au kohozi. Vumbi laini lenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo, ambalo kwa kawaida huandikwa PM2.5, ni jembamba kiasi kwamba chembe zake zipatazo 30 zikipangwa mstari mmoja ndipo zitafikia unene wa unywele wa binadamu. Hutoka katika injini za dizeli, kuni na mkaa, taka zinazochomwa, mashamba yanayochomwa na mitambo ya viwanda. Pamoja nalo zipo gesi. Naitrojeni dayoksaidi hutoka zaidi katika injini. Kaboni monoksaidi hutokana na kitu kuungua bila hewa ya kutosha. Ozoni ya chini haitoki katika bomba lolote la moshi, bali huundwa hewani gesi nyingine zinapopigwa na jua kali, na kwa sababu hiyo huwa nyingi zaidi mchana na alasiri.

Mwaka 2021 WHO ilishusha viwango vyake vya ushauri. Kwa vumbi laini la PM2.5, wastani wa mwaka mzima usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, ambapo awali ulikuwa mikrogramu 10, na wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Kwa kipimo hicho, WHO inakadiria kuwa asilimia 99 ya watu wote duniani wanavuta hewa iliyovuka angalau kiwango kimojawapo. Takwimu hiyo isichukuliwe kuwa hukumu ya kukata tamaa. Tofauti kati ya mtaa unaovuka kiwango kidogo na mtaa unaokivuka mara kumi ni kubwa, na mara nyingi mitaa hiyo miwili imo ndani ya mji mmoja.

Ndani ya mapafu, kazi ya kwanza ya moshi ni kuwasha. Kuta za njia za hewa huvimba, ute huongezeka na misuli inayozunguka mirija hiyo hujikaza. Kwa mtu mwenye afya, dalili huwa kikohozi kikavu, kifua kubana kidogo au pumzi kuwa fupi kuliko kawaida yake. Kwa mwenye pumu, mirija ambayo tayari ni myepesi kujikaza huweza kufunga kwa kiwango cha kumzuia kabisa kuendelea. Mfano unaofahamika sana ulitolewa London mwaka 2007, ambapo watu wazima 60 wenye pumu ya kiasi kidogo au cha wastani walitembea kwa saa mbili katika mtaa wa Oxford Street, ambao magari yake yalikuwa hasa mabasi na teksi za dizeli, kisha siku nyingine wakatembea kwa muda uleule ndani ya bustani ya Hyde Park. Miguu na mwendo vilikuwa vilevile, na sehemu hizo mbili zimekaribiana. Uwezo wao wa kupuliza hewa nje kwa sekunde moja ulishuka zaidi baada ya kutembea barabarani, kwa hadi asilimia 6, na vipimo vya makohozi vilionesha dalili za mwasho. Hao walikuwa wakitembea tu.

Watoto wanastahili kutajwa peke yao. Mapafu yao bado yanakua, na kwa kila kilo ya uzito wao huvuta hewa nyingi kuliko watu wazima. Huko kusini mwa jimbo la California, watafiti waliwafuatilia kwa hadi miaka mitano watoto 3,535 ambao hawakuwa na historia ya pumu. Katika maeneo yenye ozoni nyingi, watoto waliocheza michezo mitatu au zaidi walipata pumu kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wasiocheza mchezo wowote. Katika maeneo yenye ozoni kidogo, tofauti hiyo haikuonekana. Michezo ilikuwa ileile, ila hewa ilikuwa tofauti. Kwa shule zilizo kando ya barabara kubwa, matokeo hayo yanatosha kumfanya mwalimu wa michezo auangalie upya upande wa uwanja anaoutumia na saa anayoitumia.

Wananchi wengi hukubali kwa urahisi kwamba moshi unaumiza mapafu. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya hewa chafu huangukia moyo na mishipa ya damu. Njia zake ni kadhaa. Kwanza, mwasho ulioanzia mapafuni haubaki huko: kemikali ambazo mwili huzitoa kupambana na chembechembe huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Pili, neva zinazoongoza mapigo ya moyo hupata ishara kutoka mapafuni na kuubadili mwendo wake. Tatu, chembe ndogo kupita zote huweza kupenya kuta nyembamba za vifuko vya hewa na kuingia zenyewe katika mkondo wa damu. Jambo hili la tatu lilithibitishwa kwa namna ya pekee na watafiti wa Edinburgh, Scotland, mwaka 2017. Waliwapa watu wenye afya hewa yenye chembe ndogo mno za dhahabu, madini yasiyodhuru kwa kiasi hicho na yanayotambulika kwa urahisi katika vipimo, huku wakifanya mazoezi kwa vipindi. Dhahabu ilionekana katika damu yao ndani ya saa 24, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado inapatikana katika damu na mkojo. Kwa wagonjwa waliopimwa, ilikutwa pia katika utando wa mafuta ulioziba mishipa yao ya shingo, mahali ambapo kiharusi huanzia.

Mazoezi yanapoongezwa juu ya hali hiyo, moyo hujikuta kati ya madai mawili. Misuli ya miguu inadai damu na oksijeni zaidi, na moyo lazima upige haraka. Wakati huohuo mishipa inayopaswa kutanuka inashindwa kutanuka vizuri, damu inakuwa nyepesi kuganda, na kama kuna kaboni monoksaidi, gesi hiyo huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo kila tone la damu hubeba oksijeni pungufu. Mwaka 2007, katika jaribio lililosimamiwa kwa karibu na madaktari, wanaume 20 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao hali zao zilikuwa zimetulia walifanya mazoezi ya wastani ndani ya chumba, siku moja wakivuta hewa iliyochujwa na siku nyingine hewa yenye moshi wa dizeli uliopunguzwa makali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionesha upungufu wa damu katika misuli ya moyo ulioongezeka siku ya dizeli. Aidha, uwezo wa miili yao kutoa kemikali inayoyeyusha damu iliyoganda ulipungua. Washiriki wenyewe hawakupata maumivu ya kifua. Hilo lina maana yake: mtu anaweza kukimbia katika moshi, akarudi nyumbani akijisikia vyema, ilhali moyo wake ulikuwa ukibanwa.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, yaani kinachotokea hewa inaposafishwa, na ushahidi huo unagusa historia ya riadha ya Afrika Mashariki na jirani zake. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alitangaza kwamba hatakimbia mbio hizo ndefu kwa kuhofia hewa ya mji huo, kwa kuwa ana pumu. Alishiriki mita 10,000 na kumaliza wa sita. Mamlaka za China zilichukua hatua kali kwa msimu ule: magari yaliruhusiwa barabarani kwa zamu kulingana na namba za usajili na viwanda kadhaa vikasimamishwa. Marathoni ilishindwa na Samuel Wanjiru wa Kenya kwa saa 2:06:32, ambayo ilikuwa rekodi ya Olimpiki. Pembeni ya viwanja, watafiti walikuwa wakipima damu ya vijana 125 wenye afya wakazi wa Beijing. Hewa iliposafishwa, viashiria vya mwasho na vya kuganda kwa damu vilishuka, na magari yaliporuhusiwa tena baada ya michezo, sehemu kubwa ya viashiria hivyo ilipanda. Vijana hao hawakuwa wagonjwa, na mabadiliko yalitokea katika muda wa wiki chache.

Je, basi, ni afadhali kukaa nyumbani? Kwa watu walio wengi na kwa siku zilizo nyingi, jibu la utafiti ni hapana. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilinganisha faida ya kutembea na kuendesha baiskeli na hasara ya vumbi laini linalovutwa wakati huo. Kwa mji wenye wastani wa mikrogramu 22, ambao ulikuwa wastani wa miji ya dunia katika hesabu yao, faida ilishinda hasara hata kwa wanaotumia saa nyingi barabarani. Katika mji wenye mikrogramu 100, hasara ilianza kuishinda faida baada ya saa moja na nusu ya kuendesha baiskeli kila siku, na kwa kutembea, baada ya zaidi ya saa 10. Asiyefanya mazoezi kabisa hupoteza kinga ambayo hakuna dawa inayoitoa kwa ukamilifu ule, na bado ataendelea kuvuta hewa ileile akiwa barazani.

Ila zipo tahadhari mbili ambazo hesabu ya wastani haizioneshi. Ya kwanza inahusu ukali wa mazoezi. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.5 wenye umri wa miaka 20 hadi 39, ulionesha kuwa katika maeneo yenye vumbi dogo kuongeza mazoezi kulipunguza maradhi ya moyo na mishipa, lakini katika maeneo yenye vumbi jingi, walioongeza mazoezi kupita kiwango fulani hawakupata nafuu hiyo, na kwa baadhi hatari iliongezeka. Ya pili inahusu wagonjwa. Mwaka 2018 watafiti waliwarudisha watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea katika zile njia mbili za London, baadhi wakiwa na afya njema, wengine wakiwa na ugonjwa sugu wa mapafu na wengine maradhi ya moyo. Kutembea bustanini kuliwapa wote mapafu yanayofanya kazi vizuri zaidi na mishipa iliyolegea, na faida hiyo iliendelea hadi siku ya pili. Kutembea kando ya mabasi ya dizeli kulifuta sehemu kubwa ya faida hiyo. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyetii ushauri wa daktari kwa kutembea mahali pasipofaa alichoka bure, au karibu na bure.

Habari njema ni kwamba mahali na muda ni mambo ambayo mkimbiaji anaweza kuyachagua, japo si kila mkimbiaji na si kila siku. Moshi wa magari hupungua haraka kadiri mtu anavyoiacha barabara. Chembe ndogo zaidi hushuka sana ndani ya mita 100 za kwanza, na mita 300 kutoka barabara kuu huwa zimekaribia kiwango cha kawaida cha eneo hilo. Mtaa wa tatu au wa nne kutoka barabara ya malori unaweza kuwa hewa nyingine kabisa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mji uliokuwa na watu 5,383,728 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, tofauti ya kukimbia kando ya Barabara ya Mandela, inayobeba malori ya bandarini, na kukimbia ufukweni Coco au ndani ya viunga vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, si ya mandhari tu. Ufukweni kuna faida ya ziada: mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu na kuusukuma moshi wa mji upande mwingine.

Kuhusu saa, iko imani kwamba alfajiri hewa daima ni safi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba saa 11 alfajiri magari ni machache na ozoni iko chini. Lakini usiku ardhi hupoa, upepo hutulia, na hewa baridi ya chini hufunikwa na hewa yenye joto iliyo juu yake kama sufuria yenye mfuniko. Moshi wa usiku, pamoja na ule wa majiko yanayowashwa kabla ya mapambazuko, hubaki karibu na ardhi. Kufikia saa 1 asubuhi, foleni huongeza wake. Mfuniko huo hufunguka jua linapoipasha ardhi joto. Hivyo kwa anayeishi karibu na barabara kubwa au dampo, kukimbia kabla ya foleni kuanza ni bora kuliko kukimbia ndani ya foleni, lakini ukungu wenye harufu ya moshi ni ishara ya kubadili njia. Katika mikoa ya bara yenye vumbi, kama Dodoma, miezi ya kiangazi yenye upepo huhitaji uangalifu zaidi, na siku inayofuata mvua nzuri kwa kawaida huwa na hewa safi kuliko zilizotangulia.

Simu nyingi sasa huonesha namba ya ubora wa hewa. Namba hiyo ni faharasa, wala si mikrogramu, na kuchanganya vitu hivyo viwili ni kosa la kawaida. Katika mfumo wa Marekani, unaotumiwa na programu nyingi, 0 hadi 50 ni kijani, 51 hadi 100 ni njano, 101 hadi 150 ni chungwa, ambapo wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wazee na watoto wanashauriwa kupunguza mazoezi ya nje, na 151 hadi 200 ni nyekundu, ambapo ushauri huo unamhusu kila mtu. Faharasa ya 100 inalingana na takriban mikrogramu 35 za vumbi laini. Msomaji aelewe pia kwamba pale ambapo hakuna kituo cha kupimia karibu, programu hukadiria kwa picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, na makadirio hayo hayawezi kujua kwamba jirani anachoma matairi. Vipimo vya mitaani vinaongezeka katika ukanda huu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ulioanza mwaka 2015, umekuwa ukitengeneza vipimo vya bei nafuu kwa ajili ya miji ya Afrika.

Barakoa ya kitambaa haisaidii sana dhidi ya vumbi laini. Barakoa ya aina ya N95, ikikaa vizuri usoni, huzuia angalau asilimia 95 ya chembe, lakini haizuii kaboni monoksaidi wala gesi nyingine za magari, na hufanya kupumua kuwe kugumu kwa anayekimbia. Ukumbi wa mazoezi nao si kimbilio moja kwa moja: ukumbi wenye madirisha yanayotazama barabara, au wenye jenereta nyuma ya ukuta, unaweza kuwa na hewa mbaya kuliko ya nje.

Yapo mambo ambayo mkimbiaji peke yake hawezi kuyatatua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka kuwa kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 zinaweka ukomo wa vichafuzi vinavyoweza kutolewa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye wajibu wa kusimamia utekelezaji. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, kila kimoja kina uhusiano na kifua cha mkimbiaji, ingawa si kwa ajili yake vilipobuniwa. Uchomaji wa taka mitaani, ambao ndio moshi wa karibu zaidi kwa wakazi wengi, unaweza kuripotiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata.

Kwa mwenye maradhi ya moyo, pumu au ugonjwa sugu wa mapafu, mpango wa mazoezi upangwe na daktari, na katika mazungumzo hayo njia anayokusudia kuipita itajwe kwa jina, kwa sababu daktari huuliza muda na mwendo lakini si mara zote huuliza mahali. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si nyumbani. Yeyote anayepata maumivu au mkandamizo wa kifua, maumivu yanayoelekea mkononi au taya, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au kuishiwa pumzi kusikolingana na mwendo wake, asimame papo hapo, aondoke penye moshi na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, hata kama dalili zimetulia njiani.